Kisichotumika Kizimwe

Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo. Imekuwa rangi ya chai na pembe moja imeliwa na mende. Niliichapa kwa herufi kubwa siku ya pili baada ya kuleta kompyuta nyumbani, nikaibandika ukutani juu ya soketi: KISICHOTUMIKA KIZIMWE. Wakati huo niliishi peke yangu, kwa hiyo aliyetoa amri ni mimi na wa kuitii ni mimi. Wageni walikuwa wakiisoma na kucheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Nilikuwa mchapaji wa ofisi ya shamba la mkonge kwa miaka kumi na tisa. Walipoanza kupunguza watu walianza na wakataji, watu waliotoka Kigoma, Njombe na Singida wakiwa vijana na sasa hawakujua warudi wapi. Halafu zamu ikafika ofisini. Wachapaji tulikuwa watatu, akabakizwa mmoja, na huyo mmoja hakuwa mimi. Wenzangu walikitia kiinua mgongo chao kwenye mitumba, wengine kwenye mashine za kusaga. Mimi nilinunua kompyuta iliyokwisha kutumika na wengine, printa yake na stabilaiza ya kutuliza umeme, vikaletwa kutoka Moshi juu ya gari la mizigo vikiwa vimeviringishwa ndani ya godoro. Nilikuwa na nyumba ya vyumba vitatu hapa Same. Chumba cha mbele nikakifanya ofisi.

Kazi ilikuwepo. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imelegeza masharti ya biashara, na kila mtu alikuwa anaomba kitu: leseni, usajili, kibali, kiwanja. Kila ombi lilitaka kuchapwa, na ofisi za serikali zilikuwa zimeanza kuzikunjia uso barua za mkono. Nilichapa pia kadi za harusi na ratiba za mazishi. Mashine ile ikifa, sikuwa na kingine cha kuniweka mjini. Kwa hiyo suala la kuiacha ikiwaka au kuizima nililichukulia kwa uzito ambao watu wengine huuweka kwenye dini.

Aliyeniuzia alikuwa mwalimu wa kompyuta kule Moshi, na kwa maoni yake kompyuta haifi kwa kuwaka, inakufa kwa kuwashwa na kuzimwa. "Iache tu, mama," aliniambia. "Kila ukiiwasha inashtuka." Fundi umeme wa mtaani kwetu, mzee mmoja aliyetoka Kigoma kuja kukata mkonge akaishia kulinda jenereta la shamba, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama huyo mwalimu amewahi kuishi Same. Umeme wetu ulikuwa wa mgawo. Ulikatika bila kuaga, na uliporudi ulirudi kwa nguvu zote, taa zikawa nyeupe kwa sekunde kadhaa kabla ya kutulia. "Ukirudi ukikuta kitu kiko wazi, unakila," alisema. "Zima, chomoa, funika. Na hili vumbi lenu je?"

Nilimfuata fundi. Nisingizie kwamba nilielewa umeme kuliko mwalimu? Sikuelewa. Niliyaona tu maneno ya fundi yanafanana na mimi. Meneja wetu wa shamba alikuwa na tabia ya kupita kila ofisi saa kumi jioni akibonyeza swichi, hata kama mtu bado ameinama mezani, na miaka kumi na tisa ya tabia ya mtu mwingine inageuka kuwa yako. Nikajiwekea utaratibu: printa kwanza, halafu kioo, halafu kompyuta, mwisho stabilaiza. Kisha nachomoa plagi, nakunja waya, nafunika kila kitu kwa kitambaa cha kitenge nilichokishona mwenyewe. Mwalimu alikuwa amenionyesha pia namna ya kukifanya kioo kiwe cheusi chenyewe kikikaa dakika chache bila kuguswa. Hilo nililipenda sana, nikaliweka siku hiyo hiyo.

Mama alishuka kutoka Myamba mwaka uliofuata, masika yalipokwisha. Baba alikuwa amefariki zamani. Mama alikaa peke yake katika nyumba ileile ya mlimani, analima tangawizi na maharage, mpaka miguu ilipoanza kumvimba. Daktari wa hapa wilayani alimpima akaniita pembeni. Alisema moyo umechoka, ahudhurie kliniki kila mwezi na vidonge asiviache. Alisema akirudi kukaa peke yake kule juu, siku maji yakipanda kutoka miguuni kwenda kifuani hatapatikana mtu wa kumshusha kwa wakati. Niliyajua magari ya mlimani na niliijua barabara mvua zikinyesha, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mama hatarudi Myamba. Nililiamua hilo pale pale kwenye korido ya hospitali, bila kumuuliza.

Hapa lazima niseme juu ya moto wa mama. Kwake Myamba moto ulikuwa hauzimwi. Jioni chakula kikishaiva, gogo lilisukumwa katikati ya mafiga, makaa yakafunikwa na majivu, na asubuhi alifukua kwa kijiti, akapuliza mara mbili, moto ukaamka. Nimekua nikiona hivyo na sikuwahi kulifikiria. Mara moja tu niliuona moto ule ukizimwa. Ilikuwa siku baba alipofariki. Wanawake wa ukoo waliumwagia maji, wakazoa majivu yote wakayatoa nje, na jiko likakaa tupu mpaka matanga yalipokwisha ndipo ukawashwa mpya. Mimi mjini nilipikia mkaa na wakati mwingine mafuta ya taa. Nikimaliza kupika nanyunyizia mkaa maji ili nipate wa kesho.

Siku ya tatu au ya nne mama aliniangalia jioni nikichomoa plagi. Alikuwa amekaa kwenye kiti nilichomwekea mlangoni, kati ya sebule na ofisi.

"Unazima kila siku?" aliuliza.

"Kila siku, mama."

"Na kesho?"

"Kesho nawasha."

Alifikiri kidogo. "Ukizima namna hiyo ni kama mtu anayehama asubuhi."

Nilicheka, nikamweleza habari ya umeme unaorudi kwa nguvu, nikamweleza vumbi, nikamwonyesha karatasi ukutani. Mama alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la watu wazima, na alisoma kama walivyomfundisha, kidole chini ya kila silabi. Alipofika mwisho akasema, "Sawa. Lakini nikikaa bila kazi usije ukanichomoa na mimi." Tulicheka wote wawili, na mimi nadhani nilicheka zaidi yake.

Wiki hiyo hiyo nikaamka asubuhi moja nikakuta taa ya kijani ya stabilaiza inawaka na kitambaa kiko juu yake, kimefunikwa vizuri na kubanwa pembeni. Mama alikuwa ameamka alfajiri kama kawaida yake, amechomeka plagi, amewasha, na amefunika. Aliniambia ameniamshia mashine mapema ili nikija kukaa niikute tayari. Kwa nini kitambaa? Kwa sababu kitu kinachowaka na hakipikiwi hufunikwa. Niligusa kitambaa nikakikuta cha moto, na kilikuwa kinanuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya shati. Nilimweleza kwa sauti ambayo sikuipenda baadaye kwamba haya si majivu, kwamba mashine inapumua, kwamba kuifunika ikiwa inawaka ni kuiua. Nikamrudisha kwenye karatasi. Akaisoma tena, kidole kwa kidole.

"Kisichotumika kizimwe," akasema. "Nimeelewa."

Na kweli alielewa. Tangu siku hiyo hakuna kitu kilichobaki kikiwaka nyumbani mwangu bila mtu kukikalia. Nilikuwa na redio ninayoisikiliza kupitia dirishani nikiwa uani naanika nguo. Nikashangaa taarifa ya habari inakatika katikati ya sentensi. Nilikuwa na friji ndogo, nayo niliinunua kwa mtu ikiwa imetumika. Siku moja maziwa yakaganda kwa uchachu. Mama alisema friji haikufunguliwa na mtu tangu saa sita, ndiyo maana aliizima.

"Friji inatumika hata ikiwa imefungwa," nilimwambia.

"Inatumika na nani?"

"Na maziwa."

Alitazama friji, akanitazama mimi. "Basi maziwa yana hali nzuri kuliko mimi hapa," akasema, akaenda kukaa kwenye kiti chake. Nililichukua kama utani, kwa sababu lilisemwa kwa uso wa utani.

Nikikumbuka sasa, naona nilivyomweka. Maji yalikuwa bombani, kwa hiyo hakuteka. Nilimkataza kulima kale kaeneo nyuma ya nyumba kwa ajili ya miguu. Nilimkataza kuinua ndoo. Vyombo niliviosha mwenyewe haraka haraka kabla hajanyanyuka. Aliomba anipangie karatasi za wateja, nikamwambia zina mpangilio wake. Wateja walimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, wakanigeukia mimi. Alikaa kwenye kiti kile tangu chai ya asubuhi mpaka jioni, mikono mapajani, akiangalia mgongo wangu. Niliona nampumzisha. Kanisani watu walinisifu kwa kumtunza mama, na sifa hizo nilizipokea.

Mwezi wa nne tangu mama aje, wakaja wazee wa usharika mmoja wa milimani. Walikuwa wanajenga sekondari kwa nguvu zao wenyewe, mawe wanabeba kichwani, na sasa walitakiwa kupeleka katiba ya shule na mihutasari ya vikao ili usajili uendelee. Waliniletea daftari tatu zilizoandikwa na mikono mitatu, mmoja wa mikono hiyo ukiandika kama kuku aliyekanyaga wino. Wangerudi kesho yake asubuhi kuchukua na kwenda moja kwa moja ofisini. Nilianza saa mbili. Umeme ulikuwepo, nami niliamua nisisimame mpaka nimalize. Mpaka karibu saa tisa nilikuwa na kurasa ishirini na mbili.

Sikuwa nimehifadhi hata moja. Hili ni kosa langu na nataka liandikwe kwa jina langu. Miaka kumi na tisa ya taipu ilinizoesha kwamba neno ukishaligonga limekaa kwenye karatasi, na hata ukizimia pale pale utaamka ulikute. Mwalimu wa Moshi alinionya. Nilikuwa nahifadhi kwenye disketi mwisho wa kazi, kama mtu anayetia sahihi.

Saa tisa akaja mama mmoja wa Lembeni kuchukua kadi za harusi ya binti yake. Hakutaka kuingia ndani, alikuwa na gari linamsubiri, kwa hiyo nilitoka kumpelekea getini. Lakini alikuta herufi moja imekosewa katika jina la bwana harusi, na mazungumzo ya herufi hiyo yakawa marefu. Ndani, kioo kikawa cheusi chenyewe kama nilivyokiamuru. Mama akatazama kiti kitupu. Akatazama kioo cheusi. Akaona taa ya kijani inawaka bila mtu.

Niliporudi kila kitu kilikuwa kimezimwa kwa utaratibu wangu mwenyewe, printa kwanza na stabilaiza mwisho, plagi imechomolewa, waya umekunjwa, kitambaa kimenyooshwa bila mkunjo hata mmoja. Mama alikuwa amesimama kando akitabasamu.

"Leo ulisahau," alisema. "Nimekusaidia."

Nilichomwambia sikukisema kwa sauti kubwa. Ingekuwa afadhali ningepiga kelele. Nilisema, "Mama, nani alikwambia unisaidie? Wewe kazi yako hapa ni kukaa tu."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilibaki kidogo, kwa sababu uso wake ulikuwa haujapata habari. Kisha akaenda kukaa.

Nilianza upya. Nilimaliza kesho yake mchana, wazee wakiwa wamepanga mstari kwenye benchi langu, kofia mapajani, bila kulalamika. Walipofika ofisi ya serikali waliikuta imefungwa, wakalala kwa ndugu zao mjini, wakapeleka siku iliyofuata. Shule ilisajiliwa, ilijengwa, ipo. Hasara yote ilikuwa siku moja. Nimelipima jambo hili mara nyingi na halizidi hapo.

Mama alikula, alilala, alijibu salamu. Siku ya nne nilikwenda posta. Niliporudi nikakuta kiti kimesogezwa ukutani na nyumba imekuwa kimya kwa namna ya ajabu, mpaka nilipogundua kwamba hata friji imezimwa. Furushi lake halikuwepo. Jirani alimwona akipanda gari la Gonja, lile la kwenda mlimani. Juu ya kitambaa cha kompyuta, katikati kabisa, alikuwa ameweka kadi yake ya kliniki. Kliniki ilikuwa kesho yake.

Mtu mwenye akili angeondoka siku hiyo. Mimi nilisema atarudi mwenyewe. Nilisema ameshiba mji, akachoke kwanza kupuliza moto. Nilikaa siku tisa na hasira yangu, na kila asubuhi nilikuwa nikiisogeza ile kadi pembeni ili nifunue mashine, na kila jioni naifunika mashine, naiweka kadi juu. Siku ya kumi nikachukua kadi na vidonge, nikazima kila kitu, nikapanda gari.

Barabara inapita chini ya milima kwa masaa, kwenye joto na miiba, halafu inageuka na kupanda, na ndani ya nusu saa unatafuta khanga ya pili. Nilifika Myamba mchana. Kabla sijafika mlangoni nilikutana na jirani wa mama, mjane mwenzake, ametoka kwake na ukuni mkononi. Alinikaribisha kwa Chasu, lugha yetu ya mlimani, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mwenyewe yupo na moto ulikuwa salama muda wote.

"Moto gani, mama?" niliuliza.

Akanishangaa. Moto wa mama yangu. Si alimwachia ufunguo? Aliufunika siku ile nilipokuja kumchukua, akamwomba awe anausogezea gogo asubuhi na jioni, kwa sababu anakwenda Same kusalimia. Miezi minne ile yote mimi nilijua mama amehamia kwangu. Moto wake ulikuwa ukiwaka mlimani, na mama alikuwa mgeni ambaye hajaambiwa kwamba haondoki.

Nilimkuta jikoni, kwenye kigoda. Nikamsalimia shikamoo. Akaitikia, akanikaribisha, akaniuliza kama niliyemwacha Same hajambo, maana yake mashine.

"Nimezima," nilisema.

"Vyote?"

"Vyote."

Alinipakulia makande. Niliiona miguu yake. Alikuwa ameifunika na khanga lakini niliiona, ngozi inang'aa, na alipojikuna kidole kiliacha shimo lililokaa bila kujaa. Nilitoa kadi na vidonge nikaviweka juu ya kinu. Nilisema daktari anamsubiri. Alichukua kidonge, akakimeza na maji ya kibuyu mbele yangu, kama mtoto anayeonyesha amemeza. Mafiga hayakuwa na chungu. Gogo lilikuwa katikati, limefunikwa majivu mpaka shingoni, na moshi mwembamba ulipanda kutokea kwenye paa.

"Huu hapa," mama alisema. "Sasa hivi unatumika?"

Nilitazama. "Hautumiki."

"Miezi minne watu wamepita hapo njiani wanaona moshi, wanasema mwenyewe yupo. Walikuwa wanaitikia hodi ambayo sijawapigia." Akasogeza jivu kidogo kwa kijiti. "Mimi nakuuliza tu, mwanangu, maana wewe ndiye mwenye karatasi. Nilipokuwa kwenye kile kiti. Nilikuwa natumika?"

Lilikuwepo jibu zuri. Ningeweza kumwambia kwamba mtu hatumiki, mtu si kifaa. Lakini hilo ni jibu la mtu ambaye hakumsomesha mama yake amri ukutani na kumwambia kazi yake ni kukaa. Niliyaweka makande chini.

"Nilikosa, mama," nilisema.

"Sikukuuliza hilo."

"Hapana," nilisema. "Hukuwa unatumika. Nilikukataza kila kitu."

"Haya," akasema, na nikaona mabega yake yameshuka. Nadhani alichotaka ni kwamba nisimdanganye.

Nilimwomba tushuke. Nilimwambia nitamfundisha kuhifadhi kwanza kabla ya kuzima, kwamba kuwasha na kuzima itakuwa kazi yake na mimi sitagusa swichi, kwamba atalima mchicha nyuma ya nyumba, atapanga karatasi atakavyo. Niliongea sana. Mama alisema amesikia. Jioni hatukulizungumza tena. Aliufunika moto, tukalala.

Asubuhi nikamkuta amevaa nguo za kanisani na furushi limefungwa. Jirani alikuwa amekuja kupokea ufunguo, amesimama mlangoni. Nilifurahi, nilitoka nje na furushi kuangalia kama gari limepiga honi kule chini, na nikarudi kumhimiza. Nilimkuta ameinama juu ya mafiga na ndoo ndogo ya maji.

Alimwaga mara tatu. Mara ya kwanza jivu liliruka na jikoni pakajaa mvuke. Mara ya pili gogo lililia. Mara ya tatu hapakuwa na sauti yoyote. Kisha akachukua kipande cha debe, akaanza kuzoa majivu mabichi, akiyapeleka nje na kuyamwaga chini ya migomba, taratibu kwa sababu ya miguu, na hakumruhusu mtu amsaidie. Jirani alijiziba mdomo kwa khanga.

"Mama," nilisema, "ungeufunika tu. Siku moja moja tutakuja."

"Mwenzangu naye amezeeka. Nimemtumikisha miezi minne." Aliendelea kuzoa. "Na daktari wako hajasema siku moja moja."

Alijua basi. Alijua tangu korido ya hospitali nilichokuwa nimeamua bila kumuuliza, na sasa alikuwa akilijibu swali ambalo sikuliuliza. Nilikuja Myamba kumchukua mama na nilikuwa nimempata. Niliumia kuliko nilivyoumia siku baba alipofariki, maana siku ile moto ulizimwa na watu wakijua utawashwa.

Tulifika Same jioni, tukiwa na vumbi mpaka kwenye nyusi. Umeme ulikuwepo. Nilimwandalia mama maji ya kuoga, nikaingia ofisini, nikachomeka plagi na kuwasha stabilaiza. Kompyuta sikuiwasha, sikuwa na kazi nayo. Niliiwasha ile taa ya kijani peke yake, nikaiacha wazi bila kitambaa, nikakaa kwenye kiti cha mama pale mlangoni. Sikuwa nimepanga kumwambia chochote. Nilitaka tu akitoka aikute inawaka.

Alitoka amejifunga khanga, miguu mitupu inaacha alama sakafuni. Akaiona taa. Akatazama karatasi ukutani, kisha akanitazama mimi.

"Kuna anayeitumia?" aliuliza.

"Hapana, mama. Nimeiacha tu."

Aliinama polepole, mkono mmoja umeshika meza. Akaizima, akachomoa plagi, akakunja waya, akatandika kitambaa na kukinyoosha kwa viganja mpaka mikunjo yote ikaisha. Kisha akaniuliza kliniki kesho inafunguliwa saa ngapi.